Kitanda cha Juu ya Dereva

Gari lenyewe nililiona kwanza kwenye simu ya mume wangu, tumekaa barazani kwetu Wawi, yeye akimenya chungwa na mimi nikisahihisha madaftari. Dada yake mkubwa, yaani wifi yangu, anaishi Denmaki miaka mingi, na siku hiyo alituletea video. Alifungua mlango wa gari akaingia ndani kwa kujinafasi, na kweli ilikuwa nyumba: jiko la gesi la macho mawili, sinki, meza ya kukunja, choo nyuma ya mlango mwembamba, na vitanda. Vitanda alivionyesha kimoja kimoja. Hiki chetu mimi na bwana. Hiki cha mdogo wangu. Kisha akainua simu juu, akatuonyesha kitanda kilichojificha juu ya kiti cha dereva, karibu na paa, kina kidirisha chake peke yake.

"Na hiki cha wifi," akasema. "Apande kule juu, alale, aamke aangalie milima yake."

Mume wangu akacheka, akanipa kipande cha chungwa. Mimi sikucheka, nilimwambia airudishe video nyuma nikione tena kile kidirisha.

Nafundisha jiografia skuli ya sekondari. Kuna somo moja la kidato cha tatu ambalo nimelifundisha mpaka naweza kulichora ubaoni nimefumba macho: namna barafu nzito, kubwa kuliko mji, ilivyoteremka polepole kutoka milimani, ikachonga mwamba, ikaacha bonde refu lenye kuta zilizosimama wima, kisha ikayeyuka na bahari ikaingia ndani. Bonde hilo huitwa fiodi, na Norwei wanazo tele. Sisi Pemba barafu tunayoijua ni ile ya vifuko inayouzwa majumbani, na mwamba wetu ni wa matumbawe, ukiuparua kwa kisu unamomonyoka. Kila mwaka, nikishamaliza kuchora, mwanafunzi mmoja ananyanyua mkono na kuuliza, "Mwalimu, ushafika huko?" Nami kila mwaka najibu, "Tuendelee."

Wifi alilijua hilo. Alipokuja likizo mara ya mwisho alinikuta nimepiga magoti sakafuni nachora fiodi kwenye karatasi ya manila, mume wangu amenishikia pembe mbili za karatasi kwa vidole vya miguu huku akisikiliza mpira redioni. Ndiyo kazi yake siku zote, kunishikia karatasi, na sikuwahi kumwona akiangalia kilichochorwa. Wifi akainama, akatazama, akasema, "Hizi si ziko juu yetu hapo? Tunapanda meli jioni, tunalala, asubuhi tumefika Norwei." Alilisema kama mtu anayekuelekeza njia ya kwenda Chake sokoni. Akaondoka kwenda jikoni kuonja mchuzi wangu na kusema umepungua ndimu, na mimi nikabaki pale chini na kalamu mkononi.

Niseme ukweli kuhusu wifi. Sikuwahi kumpenda kwa moyo mmoja. Hakunitendea ubaya. Alikuwa ananitendea wema kwa namna inayochosha, wema wa mtu mwenye uwezo, na mume wangu akizungumza naye kwenye simu hucheka kicheko ambacho mimi sijapata kukitoa kwake tangu tuoane. Huingia chumbani na simu, na mimi nikiwa sebuleni nasikia kile kicheko. Miaka yote nimekisikia, na miaka yote kimenikera.

Lakini kwa ajili ya kile kitanda nilikuwa tayari kumpenda. Tukaomba viza, mimi na mume wangu, siku moja kwa pamoja, picha tumepiga kwa mpigapicha mmoja, maelezo ni yale yale. Yeye ana duka la vipuri vya pikipiki Chake, na hata kwenda Unguja hutapika kabla meli haijatoka Mkoani. Denmaki kwenye ramani alikuwa haijui iko upande gani. Mimi ni mwajiriwa wa serikali. Viza yake ikatoka. Yangu ikakataliwa, kwa maelezo kwamba hawakuridhika kuwa nitarudi. Nitarudi wapi mie, na wakati sijawahi hata kuondoka?

Jioni hiyo mume wangu akasema hendi. "Tulipanga wawili," akasema. "Bila wewe sendi." Nikamwambia, "Nenda." Akasema, "Kweli?" Nikasema, "Nenda, bwana, nafasi haiji kila siku." Mwanamke yeyote akisoma maneno haya atajua nilikuwa nasema nini. Nilisema nenda, sikusema aende. Yeye akashusha pumzi, akanishukuru, akampigia dada yake, na kicheko kikaanza.

Nilimfungashia. Halua ya dada yake, pweza mkavu, karafuu za kutia kwenye chai, na ubani. Na kwa heshima ya wifi nikanunua doti ya kanga, nyekundu, ya kupendeza, nikapekua duka zima mpaka nikapata yenye maneno niliyokuwa nayataka. Maneno yenyewe sitayaandika hapa. Mtu wa pwani anajua kwamba kanga hainunuliwi kwa rangi peke yake, na wifi, Ulaya au si Ulaya, alilelewa Vitongoji. Nilijua ataifungua, ataisoma, na atanyamaza. Nikaikunja vizuri nikaitia chini kabisa ya begi.

Skuli wakanipata. Chumba cha walimu hakina huruma. "Mwalimu, mumeo kaenda Ulaya kulala nyumba ndogo!" akasema mmoja, na wote wakavunjika mbavu, kwa sababu gari lile kweli ni nyumba na kweli ni ndogo, na kila mtu anajua nyumba ndogo kwa Kiswahili ni mwanamke wa pembeni. Nikacheka nao. Nilirudi nyumbani taya zinaniuma kwa kucheka.

Ujumbe wake wa sauti ulianza kuja. Amefika. Baridi. Jua linachelewa kuzama, anaswali isha saa ambazo haelewi. Gari zuri, shemeji anaendesha taratibu. Shemeji ni mume wa wifi, Mdenmaki aliyesilimu, mtu mpole asiyesema sana. Nilikuwa nasikiliza ujumbe mmoja mara tatu nne, nikitafuta kitu, sijui nini. Siku moja, katikati ya maelezo marefu kuhusu mkate, akasema, "Halafu kile kitanda cha juu kapewa mgeni, basi tuko wanne." Akaendelea na mkate.

Nikamwandikia: Mgeni gani? Akajibu kesho yake: Shoga yake wifi yako, mtu wa Mombasa, yuko peke yake siku hizi.

Yuko peke yake siku hizi! Mwanamume huandika jambo kama hilo bila kufikiri, na mwanamke aliyeko Wawi hukaa nalo siku nzima. Shoga huyo nilikuwa namjua kwa sifa. Miaka ya nyuma, kabla sijaolewa, wifi alitaka mdogo wake amwoe shoga huyo. Hilo nilihadithiwa na mama mkwe mwenyewe, kwa nia njema, siku ananieleza namna nilivyoshinda. Sasa mshindwa alikuwa amelala kitandani pangu, juu ya dereva, na kidirisha changu.

Wivu ulinishika hasa. Nilikuwa nasimama darasani nafundisha mvua za milimani na kichwa kiko ndani ya gari la watu. Namwona anapanda ngazi ile ndogo. Namwona anafungua pazia. Na ajabu ni kwamba mume wangu katika mawazo hayo mara nyingi hakuwemo. Niliyekuwa namwona ni mwanamke yule na dirisha.

Jumamosi moja alasiri nikapokea ujumbe wa maandishi, mfupi, bila salamu:

Tumo melini. Gari liko chini. Wifi hakuna. Mpaka kesho inshaallah.

Nikausoma nimesimama ukumbini na ufagio mkononi. Kwetu ukipiga hodi ukauliza fulani yupo, ukijibiwa "hakuna", basi ujue ametoka. Wifi hakuna. Wifi hakupanda meli. Ameachwa nyuma, au amebaki kwa kazi zake, na waliopanda ni shemeji asiyesema, mume wangu, na shoga wa Mombasa aliye peke yake siku hizi. Gari wameliegesha chini, wao wako juu vyumbani, wanalala baharini. Na mpaka kesho, anasema, maana yake nisimtafute.

Nikapiga simu. Haipatikani. Nikampigia wifi, nimuulize kwa nini kamwacha mdogo wake njiani na mwanamke. Haipatikani. Damu ilinichemka hata ufagio nikautupa uani. Nikavaa baibui, nikatoka kwenda Vitongoji kwa mama mkwe. Nilikwenda kushitaki. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, na yalikuwa mazuri sana, yana adabu na yana sumu.

Mama mkwe wangu ni mtu mzima, macho yake hayasomi tena. Nilimkuta uani kwake anachambua mchele kwenye ungo. Nikamwamkia, nikakaa kwenye kibao, nikaanza kulia kabla sijasema lolote, kwa hasira.

"Kuna n'ni, nwanangu?" akauliza. "Nani kakutenda?"

"Mwanao, Mama. Kaniletea ujumbe."

"Hebu nsomee. Kaandika n'ni?"

Nikamsomea. Nikausoma polepole, neno kwa neno, ili ausikie ubaya wake wote. Tumo melini. Gari liko chini. Wifi hakuna.

Ungo ulimtoka mkononi. Mchele ukamwagika wote mchangani.

"Gari liko chini?" akasema. "Chini wapi?"

Nikafungua mdomo kujibu, nikaona uso wake, na pale pale nikauelewa ujumbe ule kwa masikio yake. Meli ya kulala, kwetu Pemba, ni neno ambalo watu wazima hulitaja kwa sauti ya chini. Kila mtaa una mtu aliyepanda meli usiku na kesho yake watu wakaenda bandarini kumngoja, na meli imeshazama. Gari liko chini. Wifi hakuna. Mpaka kesho, ndipo watakapomtafuta.

"Yarabi, ntoto wangu!" akasema mama mkwe. "Yeye kasalimika, dadake hakuna! Ntoto wangu kazama!"

Sikupata nafasi ya kusema lolote. Sauti ya mama anayelia hivyo huvuka nyua. Jirani wa kwanza alikuja na mkono umejaa unga, wa pili akaja mbio, na kufika magharibi mikeka ilikuwa imetandikwa, wanawake wamejaa ndani, wanaume nje, na mtu amekwisha kuanza Yasini. Kila aliyeingia aliulizia, na kila aliyeulizia alionyeshwa mimi, na mimi nikatoa simu nikasoma tena. Tumo melini. Gari liko chini. Kila nilipousoma ulikuwa wa kweli zaidi. Simu zao bado hazipatikani. Hakuna aliyejua jina la meli, wala ingemsaidia nani kulijua.

Nilikaa na kichwa cha mama mkwe mapajani, nampepea kwa kawa. Na watu wakaanza kumsema wifi. Jinsi alivyokuwa mdogo akiwabebea maji wazee wa mtaa bila kutumwa. Jinsi alivyokuwa akicheka hata akitolewa nje ya darasa. Fulani alimletea dawa ya macho, fulani alimsomeshea mwana, na paa la chuo cha Kurani lile pale ni yeye. Bibi mmoja nisiyemjua alilia kwa kwikwi mpaka akachukuliwa nje kupewa maji. Mimi nilikuwa namjua mwanamke wa mchuzi umepungua ndimu, na nyumba ile nzima ilikuwa inamlilia mtu mwingine kabisa.

Hapo, astaghfirullah, nilimwonea wivu. Mtu niliyeamini kwamba yuko chini ya bahari, nilimwonea wivu jinsi alivyokuwa akililiwa. Nilitazama zile nyuso nikajiuliza nikifa mimi nani ataanguka hivi. Mama yangu kashatangulia. Mume wangu hulia kwa mpira tu. Wanafunzi watakuja kwa mstari, wamevaa sare, watakuwa na furaha kwa kukosa vipindi. Nikaendelea kumpepea mama mkwe, na machozi yakanitoka kweli kweli, na wanawake wakaambizana tazama mawifi hawa walivyopendana.

Hatukulala. Asubuhi, jua limeshapanda na chai ya tangawizi inagawiwa, simu yangu ikalia. Ilikuwa simu ya picha. Ukumbi mzima ukanigeukia. Nikabonyeza, na kwenye kioo akatokea wifi, mzima, kavaa koti la mvua, mdomoni ana mkate.

"Wifi!" akasema. "Habari za asubuhi! Mbona giza huko? Eh, Mama, walia n'ni?"

Mama mkwe aliinyakua simu kwa mikono miwili, akaanza kuibusu. Wanawake wakapiga kelele, wengine vigelegele, wengine wakakimbilia nje kuwaambia wanaume, na Yasini ikakatika katikati. Ilipita muda mpaka mtu akaweza kuuliza kitu kikasikika. Mume wangu akaingiza kichwa kwenye picha, hajui lolote, ananiuliza kuna shughuli gani nyumbani.

"Uliandika wifi hakuna!" nikamwambia. "Uliandika gari liko chini!"

"Si liko chini," akasema. "Magari yote hutiwa chini ya meli, watu wakapanda juu. Na wifi, hakukuwa na wifi. Ya mtandao! Waifai!"

Sisi nyumbani tunanunua bando. Kama mtandao hakuna, tunasema mtandao hakuna. Neno lile kaondoka halijui, kaja kulijifunza huko kwenye vituo vya mafuta, akaliandika kama lilivyo, bila kufikiri kwamba anamwandikia mwanamke mwenye wifi.

"Mtandao na wifi wapi na wapi?" akauliza mama mkwe. Alipoelezwa mara ya pili akanigeukia, macho mekundu, kilemba kimemtoka. "Weye! Wasomesha watoto wa watu, na kusoma hujui!"

Nyumba nzima ikacheka, kicheko cha watu waliokesha wakilia. Nami nikacheka. Nikaichukua simu ili nitoe salamu na kuaga, na hapo nyuma ya mume wangu akapita mwanamke, mrefu, wa umri wangu, sura ya kupendeza. Baridi ilikuwa imemshika. Alikuwa amejifunika mabegani kanga nyekundu, mpya, na maneno yake yamekaa sawasawa mgongoni, yanasomeka.

"Kanga yako tumeipenda, wifi," akasema wifi. "Ndiyo shuka ya kitanda cha juu sasa." Akanitazama kupitia kioo, kwa muda mfupi tu. Alikuwa ameisoma. "Maneno yake nikaona yanamfaa zaidi mgeni," akasema, akacheka kile kicheko, na mara hii anayechekwa nilikuwa mimi.

Baada ya siku chache ikaja video nyingine. Haikuwa na maelezo. Ilikuwa fiodi. Kuta mbili za mwamba mweusi zimesimama wima, maji katikati yametulia, na maporomoko membamba yakishuka kutoka juu kabisa, kama nilivyoyachora kila mwaka, pamoja na kile kijibonde kinachoning'inia juu ukutani upande wa kulia ambacho wanafunzi husahau kukiweka. Picha ilikuwa imepigwa kutoka juu, ndani ya fremu ya dirisha dogo lenye pazia. Sauti ya mwanamke ikasikika karibu kabisa na simu ikisema, "Subhanallah." Chini mume wangu akaandika: Mwalimu, hii ndiyo yenyewe? Tueleze.

Ningeweza kuwaeleza. Nilikuwa na maelezo ya kuwatosha mpaka warudi Denmaki. Nikaandika: Mashaallah. Nikaizima simu.

Sikuwa na ushahidi wa lolote juu ya yule mwanamke, na mpaka leo sina, na sasa naamini hakukuwa na lolote. Lakini alilala pahala pangu, akafungua pazia, akakiona kilicho changu, na hakujua hata kinaitwaje. Mtu akichukua mume, kuna kadhi. Kwa jambo kama lile sijui mtu huenda wapi.

Mume wangu aliporudi sikumuuliza kitu. Ndiyo silaha niliyokuwa nayo. Barazani alisimulia kila jioni: meli ina ghorofa kama hoteli, gari linachemsha maji lenyewe, mlima unatoboa mawingu. Watu walikuwa wanakuja kutoka mbali kumsikiliza, na aliyekuwa akieleza fiodi, kwa kuikosea kila mahali, ni yeye. Alisema bahari ndiyo iliyoukata mlima. Mimi nilikuwa nikipita na birika la kahawa na sikumsahihisha. Akinitazama ili nimuulize, namuuliza kama anataka tende.

Zawadi aligawa. Mama mkwe koti, majirani chokoleti, wifi kaniletea manukato kwenye kichupa kizito, mazuri, siwezi kuyasingizia. Siku ya tatu au ya nne ndipo mume wangu akatoa kwenye soksi kitu chake mwenyewe, akakiweka mezani mbele yangu. Jiwe. Jeusi, ukubwa wa embe dodo, bapa upande mmoja.

Nilidhani ananichezea. Watu wanarudi kutoka Ulaya na dhahabu, mimi naletewa jiwe! "La kuzuilia mlango?" nikamuuliza.

"Nililiokota kule juu, karibu na lile barafu lao," akasema. "Walinicheka wote, na uwanja wa ndege nikavuliwa mpaka viatu kwa ajili yake. Lakini nikaona lina ile mistari yako."

"Mistari gani?"

"Ile unayotia mwishoni. Kwenye karatasi. Ukishamaliza milima, unachukua penseli, unatia mistari midogo midogo inakwenda njia moja, unasema hapa barafu ilipita imeshika mawe." Alikuwa anamenya chungwa, hanitazami. "Miaka yote hiyo nimekushikia karatasi, mke wangu. Au umedhani nilikuwa nasikiliza mpira tu?"

Nikaligeuza. Upande ule bapa ulikuwa laini hata kidole kinateleza, na juu yake mikwaruzo imepita sambamba, mirefu, ya kina kidogo, yote kuelekea upande mmoja. Nilikuwa nimeichora maisha yangu yote bila kujua kwamba ukipitisha ukucha inatoa sauti. Nikaingia chumbani nikafunga mlango, nikakaa na jiwe langu mpaka adhana.

Somo lile lilifika tena, kidato cha tatu. Nikachora, nikatia milima, nikatia kijibonde kinachoning'inia, mwishoni nikatia mistari. Mkono ukanyanyuka nyuma, kama kila mwaka. "Mwalimu, ushafika huko?"

"Sijafika," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza kulijibu swali lile. Kisha nikafungua mkoba, nikalitoa jiwe, nikalinyanyua mbele ya dirisha ili mwanga uingie kwenye mikwaruzo. Darasa zima likasimama. Waliokuwa mbele wakanyoosha mikono.

"Mwalimu, tulishike!"

Nikalivuta kifuani.

"Tazameni kwa macho," nikawaambia. "Kushika nashika mimi."